Paka wa Nyanya na Viroboto Wetu

Nyanya yangu hakuipenda Nairobi, wala hakujisumbua kuficha. Alikuja kukaa nasi Majengo baada ya babu kufariki Mombasa, na tangu siku aliyoshuka kwenye gari la moshi hakuacha kulalamikia baridi, maji ya mfereji yanayouma meno, na watu wanaokupita ukumbini bila hata salamu. Kitu kimoja tu cha mji huu alikipenda. Ni paka jike wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika, aliyeingia chumbani siku ya mvua akajilaza juu ya miguu ya nyanya bila kuuliza mtu. Nyanya hakumpa jina. Alimwita mwenzangu. "Mwenzangu amekula?" "Mwenzangu yuko wapi leo?" Mama alikuwa akinikonyeza, kwa sababu huyo mwenzake nyanya alipata kichwa cha samaki wakati sisi tunapata mchuzi.

Nyumba ilikuwa ya zile za zamani za Majengo, kuta za udongo na bati juu, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na wapangaji wake. Vyetu vilikuwa viwili. Kimoja cha baba na mama pamoja na mdogo wangu, aliyekuwa bado anatambaa, na kingine changu na nyanya. Na paka, bila shaka. Sakafu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa. Tuliinyunyizia maji, tukaifagia mpaka ikang'aa, na mama alijivunia sakafu ile mbele ya wageni. Hakuna aliyejua mambo yaliyokuwa yakiendelea ndani ya nyufa zake.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mwezi wa Shaabani, na Shaabani ya mwaka ule iliangukia kwenye baridi ya Julai. Nilianza kuwashwa mimi, vifundo vya miguu na kiunoni pale nguo inapobana. Nikadhani ni mbu. Nyanya ndiye aliyempindua paka, akapuliza manyoya ya tumbo, tukawaona wanakimbia. Viroboto. Weusi, wembamba, wengi kiasi kwamba nilirudi nyuma. Ukimbana mmoja kwa kidole anakuponyoka, ukimpata lazima umpasue katikati ya kucha mbili ndipo afe. Nyanya aliwapasua mmoja mmoja, akitaja jina la Mwenyezi Mungu, na mimi nikahesabu mpaka nikachoka kuhesabu.

Laiti wangekomea kwangu. Walimwendea mtoto. Mapaja yake yalijaa vipele vyekundu, viwili viwili, vitatu vitatu, na kwa kuwa mtoto hajui kujizuia alijikuna mpaka kimoja kikawa kidonda chenye usaha. Mama alimpeleka kliniki, akarudi naye amepakwa dawa ya zambarau kuanzia kiunoni mpaka magotini. Baba alipotoka kazini jioni ile alisimama mlangoni akamtazama yule mtoto wa zambarau kwa muda. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja huko Industrial Area, mtu mpole, mchache wa maneno. Hasira yake ilichelewa sana kuja, na ikishakuja ilikaa.

Alikwenda akachuchumaa mbele ya mkeka wa nyanya.

"Mama," alisema, kwa adabu kabisa. "Wadudu hawa wanaletwa na paka. Mimi nakupa mpaka Idi. Idi ikifika na mtoto bado anaumwa, paka atatoka."

"Atoke ende wapi?" nyanya akauliza.

"Atatoka tu, mama."

Sote tulielewa maana yake. Katika nyumba yetu paka hauawi. Paka akinywa maji kwenye birika la udhu, unachukua udhu kwa maji yaliyobaki na hunung'uniki. Kwa hiyo paka anayetakiwa kuondoka hutiwa kwenye gunia, akapelekwa mbali asikoweza kurudi, na watu wakajiambia kwamba hawakumfanyia ubaya wowote. Nyanya aliitikia kwa kichwa. Baadaye nilimwona anamfunika paka kwa leso yake, mchana, na hakukuwa na baridi wakati ule. Nilitaka kulia na sikujua nilie mbele ya nani.

Kesho yake baba alileta mkebe wa dawa ya unga ya kuulia wadudu, ya dukani. Nyanya aliupokea, akaunusa kifuniko, akaurudisha.

"Paka hujilamba," alisema. "Utakachompaka ndicho atakachokula. Na mtoto yuatambaa papo hapo, kila kitu yuatia kinywani. Waniulia wote wawili."

Mama alimuunga mkono, na baba akaurudisha mkebe dukani. Kwa hiyo tulibakiwa na dawa za asili. Siku hizi naona watu wanalitaja neno hilo kwa sauti ya upole, dawa za asili, majani, maua, vitu visivyo na madhara. Watu wanaosema hivyo hawajamshika paka juu ya karai la maji ya mwarobaini.

Majani ya mwarobaini yaliletwa na jamaa yetu aliyekuja kwa gari la moshi, kikapu kizima, yameanza kunyauka. Nyanya aliyachemsha mpaka maji yakawa ya kijani kibichi na uani kote kukanuka uchungu. Maji yakaachwa yapoe. Mimi nilishika miguu ya mbele, nyanya ya nyuma, na mama akamwaga kwa kikombe. Nina kovu mpaka leo kwenye mkono wa kushoto. Paka aliruka kutoka kwenye karai, akapita juu ya nguo zilizoanikwa za wapangaji, akapanda kwenye bati na kukaa huko akitutukana. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nyanya hakucheka, alikuwa anatazama viroboto waliokuwa wakielea kwenye maji, na uso wake ulikuwa na matumaini ambayo yaliniumiza hata wakati ule.

Siku mbili tatu tulistarehe. Kisha wakarudi, kana kwamba walikuwa wamekwenda kutembea tu. Tukamwosha tena, wakarudi tena. Majani yakaisha.

Mpangaji wa mlango wa pili alikuwa mama mmoja kutoka Kinangop, Mkristo, muuza maharagwe Gikomba. Alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa, na nyanya alimwogopa kidogo kwa vyote viwili. Yeye aliona tunavyohangaika, akaja bila kualikwa.

"Shosho, hiyo majani yenu ya Mombasa haiwezi viroboto ya huku," alisema. "Huku viroboto wamezoea baridi. Ngoja nikuonyeshe."

Alinipeleka kando ya reli, akanionyesha mmea ule wenye harufu kali unaoota kila mahali shamba likiachwa, wanaouita bangi ya mwitu ingawa si bangi. Kwao, aliniambia, walitandika chini ya godoro na kwenye nyumba ya kuku, na kiroboto hakai. Tulirudi na mzigo. Nyanya alinusa, akasema hilo ni jani la kufukuzia majini, si viroboto, lakini alituacha tutandike. Kitandani pakapata nafuu kwa kweli. Ila paka naye alikataa kukaa karibu na kitanda chenye harufu ile. Akahamia chumba cha mama, chini ya kitanda cha mtoto, pamoja na viroboto wake wote. Nilihisi tunachekwa.

Jirani hakukata tamaa. Alipokwenda kwao kuzika shangazi yake alirudi na kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake maua ya pareto yaliyokaushwa. Kwao walilima pareto, na hayo aliyachukua kwenye mkeka wa kuanikia, kiganja kimoja tu, asionekane kupunguza mavuno. Tuliyatwanga kwenye kinu kidogo cha viungo. Nyanya alimpaka paka ule unga kwa vidole, shingoni na mgongoni, akamfunga kwa leso asijilambe, akamkumbatia mpaka alasiri akimsomea aya. Alipomfungua, viroboto walianguka. Nakuambia walianguka, wakilewalewa, juu ya leso nyeupe, na nyanya akawakung'utia motoni. Mtoto alilala vizuri juma lile. Kidonda kilianza kukauka, na baba alipita karibu na paka bila kumwangalia vibaya.

"Umeona shosho?" jirani alisema.

"Nimeona, mwanangu. Mungu akuweke," nyanya akamjibu, na kuanzia siku ile hakumwogopa tena.

Lakini pareto ilikuwa kiganja kimoja, na jirani hangeweza kurudi kwao mpaka mvua ipite. Na kitu ambacho hatukukijua, wala jirani, wala nyanya na elimu yake yote ya majani, ni kwamba kiroboto hazaliwi juu ya paka. Anataga tu huko. Mayai yanadondoka, yanaingia kwenye nyufa za sakafu ile tuliyoifagia na kuinyunyizia maji isikauke, na yanangoja. Tulikuwa tunaosha paka, na tunawanywesha watoto wa viroboto maji kila Ijumaa. Ramadhani ilipoandama, wakaandama nao.

Mtoto akaanza upya. Vipele juu ya vipele. Alilia kwa namna ambayo mtu mzima huwezi kukaa nayo, na mama, aliyefunga na hajalala, akaanza naye kulia. Baba hakuhitaji kumkumbusha mtu, Idi ilikuwa inakuja yenyewe. Nyanya alikonda mwezi ule, na si kwa saumu. Kila mtu aliyepita alimuuliza dawa. Aliambiwa majivu, akampaka majivu. Aliambiwa maji ya ndimu, akampaka, paka akapiga chafya siku nzima. Aliambiwa mafuta ya taa, hapo akamfukuza aliyemwambia. Nami nilimfuata huku na huku nikiwa nimebeba karai, bila msaada wowote wa maana.

Ndipo akakumbuka karafuu.

Lazima nieleze karafuu ni nini kwa mtu wa kwetu. Karafuu iko kwenye pilau na kwenye chai. Jino likiuma unaweka karafuu. Mwanamke akijifungua anakandwa kwa karafuu, nguo za Idi zinawekwa na karafuu zisiingie nondo, na maiti hunukizwa kwa hiyo hiyo. Nyanya alikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu sandukuni, alichokitumia kwenye magoti yake, na kwake kile kichupa hakikuwa dawa ya sumu hata kidogo. Kilikuwa chakula. Mtu aliyekataa unga wa dukani kwa kuwa paka hujilamba hakufikiri hata mara moja kwamba paka angeilamba karafuu. Na angefikiri, angesema, na ailambe, itamsafisha tumbo.

Alichanganya na mafuta ya simsim, asubuhi ya Jumamosi, akampaka paka mwili mzima, kuanzia masikio mpaka mkia. Chumba kilinukia vizuri mno. Paka alikaa kwenye kizingiti akaanza kujilamba, kwa bidii, maana paka hapendi mafuta. Nyanya alikaa pembeni yake akivuta tasbihi, ametulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame.

Adhuhuri paka alikuwa anatoka udenda. Mwanzoni kidogo, baadaye ukining'inia mpaka kifuani. Alisimama akaenda mrama, miguu ya nyuma inampotea, akagonga ukuta wa ukumbi, akatoka uani akizunguka. Nyanya alimfuata akisema, "Mwenzangu, mwenzangu, una nini?" Watoto waliokuwa wakicheza uani wakapiga kelele wakapanda juu ya ngazi za choo. Kijana mmoja mpangaji, aliyekuwa akinyoa ndevu kwa kioo kilichotundikwa msumarini, akageuka na povu lake shavuni.

"Huyo ako na kichaa!" akapaza sauti. "Kichaa ya mbwa! Oneni mate! Mathe, toka hapo, atakuuma!"

Akaingia chumbani kwake akatoka na rungu.

Simlaumu yule kijana. Kichaa cha mbwa kilikuwa kikisikika mitaani, na kila mtu alimjua mtu aliyemjua mwingine aliyekufa nacho akiogopa maji. Uani kote kulijaa watu kwa dakika chache, wamebanana kwenye milango, hakuna anayetaka kusogea wala anayetaka kuondoka. Katikati alibaki paka, anatetemeka kando ya mfereji, na nyanya amesimama mbele yake, mtu mfupi mwenye leso mbili.

"Ni karafuu," alisema. "Jamani, hana kichaa. Nimempaka karafuu, yuatoka udenda kwa ajili ya karafuu. Njooni mnuse. Mnuseni nyinyi wenyewe!"

Nani angemnusa? Ushahidi wake ulikuwa pale pale kwenye manyoya, na kuupata ni lazima upeleke pua yako kwenye mdomo wa paka mwenye kichaa. Watu walirudi nyuma zaidi. Jirani yetu angemsaidia, lakini Jumamosi alikuwa sokoni. Mama alikuwa amemkumbatia mtoto ndani, amefunga mlango.

Baba aliingia wakati huo. Jumamosi walifanya kazi nusu siku. Alisimama na kikoba chake cha kazi mkononi, akamwona mama yake, kisha paka, kisha rungu.

"Weka chini hiyo," akamwambia kijana. "Kwangu paka hauawi."

Nikapumua. Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa ameelekea stoo ndogo ya makaa, na alipotoka alikuwa ameshika gunia.

"Mwanangu, nipe mpaka jioni," nyanya alisema. "Itamtoka. Mafuta yatamtoka, utamwona atakavyopata nafuu. Bado Idi, baba. Ulisema mpaka Idi."

"Nilisema Idi kwa viroboto, mama. Hili sikulisemea."

"Hana kichaa."

"Na kama anacho? Mtoto anatambaa hapa."

Na kweli mtoto alitambaa pale. Nikajitosa mimi. "Baba, ni kweli, ananukia karafuu, nyanya alimpaka, niliona."

"Ingia ndani," baba aliniambia.

Niliingia. Nilikuwa mtoto, na mtoto wa wakati ule akiambiwa ingia ndani aliingia. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango nikaona baba amejifunga kitambaa mkononi, anamfunika paka kwa gunia. Paka hakupigana. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, yule paka wa karai la mwarobaini, hakunyosha hata ukucha. Nyanya aliinama akatoboa gunia kwa vidole, hapa na hapa, apate hewa. Vidole vyake havikuwa na nguvu na gunia lilikuwa gumu. Baba alisubiri mpaka akamaliza.

Alirudi karibu na magharibi, gunia limekunjwa kwapani. Nyanya alikuwa kwenye mkeka, hakuinuka.

"Umempeleka wapi?"

"Ng'ambo ya mto, huko kwenye majani marefu."

"Alikwenda?"

"Alikwenda."

"Kwa miguu yake? Iliyumba?"

Baba aliliweka gunia chini. "Haikuyumba sana," alisema.

Alikwenda uani kunawa, mimi nikimshikia birika. Mikono yake ilinukia karafuu mpaka kwenye viwiko. Alipaka sabuni, akasuuza, akainusa, akapaka sabuni tena. Aliniangalia. Nilimwangalia. Adhana ikaadhiniwa, akachukua tende moja akafuturu amesimama.

Nyanya, mwanamke ambaye hakutaka hata kufika Gikomba peke yake, aliniomba nimpeleke ng'ambo ya mto. Tulikwenda mara nyingi. Alifunga kichwa cha samaki kwenye gazeti, akasimama kwenye majani yale akiita, "Mwenzangu! Mwenzangu!", na waliopita na mizigo yao waligeuka, maana kila mmoja alidhani anaitwa. Hakuna paka aliyetokea. Mara ya mwisho hakuita, alisimama tu, kisha akaweka kichwa cha samaki juu ya jiwe na tukarudi. Nilimshika mkono njia nzima.

Nyumbani, tulitegemea kwamba angalau mtoto angepumzika. Baba alitegemea hivyo, mama pia. Kilichotokea ni kwamba siku chache baada ya paka kuondoka viroboto walitoka kwenye nyufa, na hawakumkuta. Wakatukuta sisi. Sijawahi kuona kitu cha namna ile. Ukiweka mguu chini asubuhi wanakurukia, wanafika mpaka goti. Mtoto alikuwa havumiliki kuangalia, mama hakumweka tena chini hata kidogo, alimfunga mgongoni kutwa akipika, akifua, akiswali amemlaza kwenye meza. Paka ndiye aliyekuwa akiwachukua kwa niaba yetu, muda wote ule. Damu yake ndiyo iliyokuwa ikiwashibisha, na waliotufikia sisi walikuwa makombo tu. Nyanya alilifahamu jambo hilo kabla yetu. Nilimsikia akimwambia mama, taratibu, "Kumbe alikuwa mlinzi." Mama akaegemea ukuta akafunika uso.

Baba alikuwa akiondoka kabla jua halijapanda na kurudi jioni, amechoka, anafuturu na kwenda msikitini. Alijikuna kama sisi sote, akasema wamebaki wa mwisho mwisho, wataisha.

Kisha asubuhi moja nyanya alijipaka mafuta ya nazi miguuni kwa ajili ya baridi, akakaa kwenye mkeka na miguu ameinyosha, na alipotazama akaona viroboto wamenasa. Walikuwa wameruka juu ya mafuta wakashindwa kuruka tena. Aliwatazama wakihangaika. Akaniita.

"Niletee bakuli la maji. Tia sabuni. Kisha mtoke nyote."

Tangu siku ile, baba akishakwenda kazini, mimi na mama na mtoto tulihamia uani. Nyanya alibaki ndani. Alijipaka mafuta kuanzia nyayo mpaka juu ya magoti, akapandisha leso, akakaa katikati ya sakafu, kwanza chumba chetu, halafu cha mama, karibu kabisa na kitanda cha mtoto. Alikaa kimya akivuta uradi, akawangoja. Wengine walinasa, akawachukua kwa kidole na kuwatumbukiza bakulini. Wengine walimuuma kwanza. Nilimwambia nikae mimi pia, tusaidiane, akanikatalia. Nilimwambia basi ajikune, akasema akijikuna mafuta yatatoka. Mama alisimama mlangoni akamwomba, "Mama, inatosha, jamani, inatosha," naye akajibu bila kugeuka, "Bado wapo." Alipotoka uani kwa adhuhuri miguu yake ilikuwa imevimba, imelowa mafuta na kujaa madoa, na alikwenda mferejini kunawa kwa udhu akiyauma meno maji yakimgusa.

Wakapungua. Siku moja bakuli lilikuwa na wachache, nyingine na mmoja au wawili. Mama akamweka mtoto chini, akamchukua haraka, akamweka tena. Hakulia. Ngozi yake ikaanza kurudi, na ile zambarau ikafutika kidogo kidogo kwa maji ya kuogea.

Siku ya Idi tulikuwa na wageni tangu asubuhi. Wenzake baba wa kazini, watu wa msikitini, jirani yetu wa Kinangop na sinia la mandazi, wote wamejaa chumbani, mabusati yametandikwa juu ya sakafu. Baba alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Alimwinua mdogo wangu juu, amevaa kanzu ndogo nyeupe, akampandisha kanzu mpaka kiunoni watu waone mapaja.

"Mnaona?" aliwaambia. "Nilisema ni paka, watu wakanibishia. Tangu atoke, hata kipele kimoja. Mama, si unaona?"

Chumba chote kikamgeukia nyanya, aliyekaa pembeni ukutani. Aliishusha leso yake mpaka ikafunika vidole vya miguu.

"Naona, baba," akasema. "Alhamdulillahi."